Mkwaruzo Nyuma ya Pazia

Katika karakana ile ya majeneza, mwenye kazi laini kuliko wote alikuwa mwanamke waliyemwita Godoro. Wanaume walipiga randa, wakagonga misumari na kupaka rangi. Yeye alikaa nyuma ya pazia la kijani na cherehani yake, akishona satini na kujaza sponji, ili mtu aliyelala maisha yake yote juu ya kitanda cha kamba apate hatimaye mahali pa kulala panapoeleweka. Binadamu ana mambo. Atamnyima baba yake shuka miaka thelathini, kisha siku ya mwisho anakuja kuuliza kwa uchungu, "Hamna ya zambarau?"

Kazi yake ilimalizikia kwenye kiganja. Kitambaa kikishakazwa, alipitisha kiganja polepole ndani ya sanduku, kuanzia kichwani hadi miguuni, akitafuta pini ya stepla iliyosahaulika.

Mpaka rangi, aliyeitwa Vanishi kwa sababu alinuka hivyo hata siku za sikukuu, hakuacha kumcheka. "Godoro, sasa pini ikimchoma atamlalamikia nani?"

"Atakusubiri wewe," alijibu Godoro bila kuinua kichwa. "Mkikutana huko atakuonyesha ilipomchoma."

Mimba ilipotimiza miezi minane, viganja hivyo vikaanza kumwasha.

Haukuwa muwasho wa mbu, wala wa upupu, wala wa sabuni mbaya. Ulikuwa chini ya ngozi, mahali ambapo ukucha haufiki, kama vile kuna mtu amefungiwa humo ndani na anapapasa ukuta akitafuta mlango. Ulishuka kwenye nyayo, ukapanda tena. Na juu ya ngozi hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kipele, wala wekundu, wala doa, ila michirizi ya kucha zake mwenyewe.

Nyumbani alijaribu kila kitu. Alisimama peku kwenye sakafu ya bafu mpaka miguu ikafa ganzi. Alitumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya mtungi. Alijikuna kwa kitana, kwa gunzi la mahindi, na kwa brashi ya viatu ya mumewe, ambaye alitengeneza simu za watu na alikuwa amebakiwa na jozi moja tu ya viatu vya kupigwa brashi. Alivaa magauni mapana ya pamba, akaacha mafuta yenye manukato. Nafuu ilikuja, ikakaa dakika tano kama mgeni asiyetaka chai, ikaondoka.

Jambo la ajabu ni kwamba alijikuna hata akiwa usingizini. Asubuhi moja mumewe alimwonyesha ubao wa kitanda. Rangi ilikuwa imebanduka kwa mistari minne, mirefu, iliyonyooka.

"Hii umefanya wewe?"

Godoro aliitazama mistari, kisha kucha zake. Zilikuwa na rangi ya ubao. "Itakuwa mimi," alisema. "Au unataka iwe nani?"

Kila mtu alikuwa na maelezo yake, maana mja mzito ni mali ya umma. Mumewe alishuku maji. Jirani alishuku jirani mwingine. Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani na aliyependa habari njema, alipiga makofi. "Viganja pesa, nyayo safari! Mwanangu, wewe utakwenda mbali na utarudi tajiri." Kliniki, muuguzi aliyekuwa na foleni ya wajawazito hamsini na kalamu moja isiyoandika vizuri, alimwambia bila kumtazama, "Ngozi inavutika, mama. Wote wanajikuna. Paka mafuta. Anayefuata!"

Godoro angepaka mafuta na kunyamaza, kama si neno moja lililomponyoka mama mkwe siku moja wakichambua mboga.

"Usiogope, mkwe wangu. Hata yule wa kwanza ulijikuna hivi hivi."

Kisu kikasimama mkononi mwa Godoro. Mama mkwe naye akasikia alichokisema, akainamia mboga ghafla kana kwamba zina maandishi.

Yule wa kwanza alitulia tumboni katika wiki ya thelathini na saba, miaka miwili nyuma. Alicheza jioni, asubuhi hakucheza. Hospitali waliandika kwamba sababu haijulikani, na hakuna aliyeuliza kuhusu kujikuna, kwa sababu nani anauliza habari za kujikuna mbele ya jambo kama lile? Mwenye karakana, aliyeitwa Futi kwa kuwa alipima watu kwa macho hata akiwasalimia, ndiye aliyemtengenezea mtoto sanduku lake, akakataa kupokea hata shukrani. Tangu siku hiyo ikawa sheria pale: masanduku madogo hayafiki kwenye meza ya Godoro. Karakana ilikuwa nalo moja tayari wakati wote, kwa kuwa wenye kuhitaji madogo hawatoi taarifa, lakini kitambaa chake alikipiga Vanishi, tena vibaya, kikajaa mikunjo kama shati la mlevi.

Sasa mimba hii ilikuwa na wiki thelathini na sita na siku mbili. Zilibaki siku tano kufika pale ambapo mwenzake aliishia. Godoro alizihesabu kwa vidole vinavyowasha.

Kazini alijikuna nyuma ya pazia. Huku mbele wateja waliinama juu ya sampuli za mbao, na kutoka ndani, kati ya masanduku yaliyofungwa, ikatoka sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru.

"Panya," alisema Futi.

"Panya mkubwa," alisema mteja, akirudi nyuma.

Mzee mwingine, aliyekuja kumnunulia shangazi yake, alisikiliza kwa makini kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo mmeshamuuza?"

Ikafika siku Futi alipotoka kwenda kununua mbao. Mikono ya Vanishi siku hiyo ilikuwa imevimba kwa upele wa dawa anazopaka, kazi ya kitambaa ikamshinda katikati. Akaliacha sanduku dogo juu ya meza iliyokuwa karibu, akatoka kwenda kunawa. Meza iliyokuwa karibu ni ya Godoro.

Godoro aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaliona.

Lilikuwa jeupe, refu kama mkono wake kutoka begani hadi kwenye vidole. Alitaka kuondoka. Lakini aliona pia satini ilivyokunjamana kwenye kona, na kuna watu hawawezi kupita penye kazi mbovu hata nyumba ikiungua. Alisogea. Akaivuta kona ile. Akainyoosha na nyingine. Halafu, kwa mazoea ya miaka tisa, akaingiza viganja vyote viwili ndani na kuvipitisha polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni.

Muwasho ukakoma.

Haukupungua. Ulikoma mara moja, kama taa iliyozimwa. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, mikono yake ilikuwa mikono tu. Satini ilikuwa ya baridi kuliko maji ya mtungi. Godoro akafumba macho. Akaegemea meza, akapumua mpaka mwisho wa pumzi, na angeweza kukaa pale hadi jioni. Alipovitoa viganja, moto ukarudi. Alipovirudisha, ukakoma. Akavitoa. Akavirudisha.

Ndipo akagundua kwamba karakana ilikuwa kimya, na kwamba kimya kile kilianzia tumboni. Mtoto huyu alikuwa na tabia ya kurusha teke kila cherehani iliposimama, kama abiria anayegonga bodi ya basi. Cherehani ilikuwa imesimama muda mrefu sasa.

Aligonga tumbo kwa vidole. Hakujibiwa.

"Vanishi!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka msumeno wa jirani ukanyamaza. "Vanishi, njoo!"

Vanishi alifika mbio, mikono ikidondosha maji. Aliliona sanduku, akaiona mikono ya Godoro ilipo, akasawijika. "Dada, nisamehe. Sikufikiri. Toa mikono humo. Toa!"

"Mtoto hachezi."

"Atakuwa amelala."

"Na mikono yangu haiwashi nikiiweka humu. Kwa nini haiwashi humu?"

Vanishi aliivuta mikono ya Godoro kwa nguvu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaweka mkono wake mwenyewe kando. Wa kwake ulikuwa na malengelenge na magamba, kama ukuta uliopigwa na mvua. Wa Godoro ulikuwa safi.

"Mimi nimewashwa miaka kumi na moja," alisema. "Vanishi, gundi, tapentaini, zote nazijua kwa majina. Kinachokuwasha kutoka nje huacha alama. Hiki chako hakina alama. Hiki kinatoka ndani, dada. Twende."

Gari pekee lililokuwepo lilikuwa lile la kupeleka masanduku, jeusi, lenye maandishi ya dhahabu ubavuni: PUMZIKA SALAMA. Barabarani watu walilipisha njia wakavua kofia. Mwanamke mmoja alisimama akainamisha kichwa, na Godoro, kwenye kiti cha mbele, akakutana naye macho. Yule mwanamke alikimbia.

Langoni mwa hospitali askari alinyoosha kidole bila kuuliza. "Mochwari mnazungukia nyuma."

"Tunaye mgonjwa!" alifoka Vanishi.

"Nyuma, nimesema."

Godoro akatoa kichwa dirishani. "Kaka, nikifa nitakuja kwa njia hiyo. Leo fungua hapa."

Askari alifungua lango. Alilifungua lote, akasimama mbali nalo.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimlaza, akaweka mashine tumboni, akahangaika kulia, akahangaika kushoto. Chumba kizima kilisikia mkwaruzo wa mashine kwenye ngozi, na nyuma yake hakuna kitu. Kisha, mbali sana, kama farasi anayekimbia upande wa pili wa mlima, moyo.

"Yupo," alisema mkunga. "Tulia, mama. Yupo. Sasa niambie, hii michirizi ni ya nini?"

"Najikuna."

"Wapi zaidi?"

"Viganja. Nyayo."

Mkunga aliacha kuandika. "Usiku inazidi?"

"Inazidi."

"Upele?"

"Sina."

"Mkojo wako ni wa rangi gani?"

"Kama chai kali."

"Na hii ni mimba ya ngapi?"

Godoro alimweleza. Alipofika kwenye wiki ya thelathini na saba, mkunga alivua miwani. "Uliwaambia kliniki kwamba yule wa kwanza naye ulijikuna?"

"Waliniambia nipake mafuta."

Mkunga aliita achukuliwe damu. Majibu yalipotoka alimweleza kwa maneno mepesi. Ini lake lilikuwa limeelemewa na mimba. Nyongo ilikuwa imeingia kwenye damu, nayo ndiyo iliyokuwa ikimwasha. Yeye mama isingemuua, lakini mtoto inaweza kumzimisha tumboni bila kubisha hodi. Atapewa vidonge, mtoto atasikilizwa asubuhi na jioni, na hawatangoja wiki ya thelathini na saba.

"Kwa hiyo si ngozi?" aliuliza mumewe, aliyekuwa amefika na viatu visivyopigwa brashi.

"Ngozi ilikuwa inapeleka taarifa tu," alisema mkunga. "Ninyi ndio mlikuwa mnaipaka mafuta."

Siku tatu alilazwa, akiwa ameweka mkono mmoja tumboni kama mtu anayeshikilia mlango. Siku ya pili Vanishi alikuja kumwona, akazunguka maneno kama fundi anayechelewesha kazi. Godoro akamuuliza waziwazi: lile dogo liko wapi?

"Limechukuliwa," alisema Vanishi. "Jana ile ile. Tuliporudi na gari walikuwa wanangoja mlangoni. Mke na mume." Akajikuna malengelenge. "Walisema limeshonwa vizuri."

Godoro aligeukia ukutani, akakaa hivyo mpaka Vanishi alipoondoka.

Asubuhi ya nne walimwanzishia uchungu. Yaliyofuata kila mama anayajua, na asiyeyajua asiulize. Mtoto alitoka jioni akiwa mdogo, wa manjano kidogo, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa sababu isiyo ya msingi. Alikaa kimya. Mkunga akamsugua mgongo, akamsugua tena. Godoro alihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano, msichana yule alilia, na alipoanza hakuona sababu ya kuacha.

Siku ya tatu baada ya kujifungua, muwasho uliondoka kama ulivyokuja, bila kuaga. Mkunga alimwandikia kwenye kadi, kwa herufi kubwa, kwamba mimba yoyote ijayo asipokewe kwa mafuta.

Nyumbani, mchana wa kwanza, mama mkwe na mume walikaa sebuleni wakinywa chai. Wiki nyingi walikuwa wamezoea kusikia kucha kutoka chumbani. Sasa hapakutoka hata sauti moja. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Mume akaweka chake. Wakasimama kwa pamoja, kila mmoja akijifanya amekumbuka kazi fulani, wakabanana mlangoni.

Godoro alilala chali, mtoto kifuani, viganja vimefunguka pembeni. Hakuna kilichotikisika. Mume alinyata. Akapeleka kidole chini ya pua ya mtoto, akangoja. Kisha akakipeleka chini ya pua ya mkewe, akangoja zaidi.

"Ukimwamsha," alisema Godoro bila kufumbua macho, "utamnyonyesha wewe."

Mume akarudisha kidole. Lakini hakutoka, wala mama yake hakutoka. Walikaa chini sakafuni, kila mmoja upande wake wa kitanda, wakiwasikiliza wakipumua.