Magogo ya Matanga

Siku tuliyomtoa shemeji yangu mochari ya Kisumu kumpeleka kwao kuzikwa, magogo ya moto wa matanga yalikuwa yamefika kabla yetu. Lori zima la mikaratusi, limepakuliwa kando ya hema. Mwenye shimo la dhahabu alimofia alikuwa ameyaleta mwenyewe, pamoja na fahali na viti, na msemaji alikuwa kwenye maikrofoni akimsifu kama mtu asiyewasahau watu wake. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Shemeji, mume wa dada yangu, alichimba dhahabu chini ya kilima upande wa Siaya, na ndiye aliyemtafutia mdogo wangu wa kiume kazi hapo hapo. Kila alipokuja Kisumu alipitia kwangu Mamboleo, ninapouza mbao, akanywa chai akiwa ameketi juu ya rundo la posti za miti. Ni yeye aliyenieleza kwamba mwamba hauui bila kusema. Huanza kupasukapasuka kwa sauti ndogo, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa. Kisha vipande vyembamba huruka kutoka ukutani vikakuchapa shingoni. Ukisikia hivyo unatoka, unauacha mwamba siku kadhaa utulie, na ukirudi unasimamisha miti ya kushikilia dari kabla ya kugusa kitu kingine. Na zile nguzo za mwamba zilizoachwa katikati hazichimbwi, hata kama zinameremeta.

Hakuna mchimbaji asiyejua hayo. Mwenye shimo pia anayajua, alianza na sururu kama wao. Lakini zile nguzo alizichimbisha zote, akaahidi kuleta miti badala yake. Miezi ikapita. Mara miti haipatikani, mara lori limeharibika. Nilimtuma shemeji amwambie alete lori tu kwangu, miti nitampa, tutaelewana baadaye. Lori halikuja. Wiki ile ya mwisho mwamba ulilia kila siku. Walipotoka nje waliambiwa warudi, na anayeogopa kelele aende sokoni akauze omena. Wakarudi. Ukuta ukalipuka, ukamfunika shemeji.

Mdogo wangu alikuwa juu siku hiyo, akivuta kamba. Na hata kabla hatujazika, mwenye shimo alikuwa ameshamwambia kazi inaanza Jumatatu, ashuke yeye mahali pa shemeji.

Ndiyo maana sikuketi hemani na wanawake wenzangu. Nilienda kwenye yale magogo. Nimeuza miti muda mrefu. Mkaratusi uliokatwa juzi ni mzito na una majimaji. Haya yalikuwa makavu, ncha zake zimepasuka kwa jua, yaani yalikuwa yamelala mahali kwa miezi. Na yote yalikuwa na urefu mmoja. Nani hupima kuni za matanga? Nikamwita mdogo wangu. Aliyatazama, akainama, akapapasa upande mmoja uliochongwa bapa kwa ajili ya kabari.

"Sista, hizi ni zetu," akasema. "Mimi ndiyo nilipima hiyo urefu. Alituambia hazikupatikana."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza kwa adabu. Miti ilikuwapo, imelala uani kwake, kwa sababu kuisimamisha kungemkosesha siku mbili tatu za kuchimba. Pale mimi nilikuwa mgeni, katika boma la wakwe wa dada yangu, na mgeni hapigi kelele msibani. Nilipiga. Nilimuuliza mbele ya hema lote kwa nini miti ya shimo imekuja kuchomwa hapa.

Msemaji akashusha maikrofoni. Mwenye shimo akavua kofia.

"Mama, tuliza roho," akasema. "Hii ni mapenzi ya Mungu."

Mungu gani huyo. Mungu alituma sauti wiki nzima, na aliyewarudisha watu chini alikuwa amesimama mbele yangu na viatu vilivyong'aa.

Wazee wakaanza kunisihi nikae, mambo hayo yazungumzwe baada ya mazishi. Ndipo mama mzazi wa shemeji alipoinuka kando ya jeneza. Alitembea hadi kwenye magogo, akaketi juu yake na leso yake imefungwa kiunoni.

"Hakuna mtu ataota hii moto hapa kwangu," akasema. "Mtoto wangu hii miti haikumsaidia. Ipelekeni kwa wenye bado wako hai."

Vijana walipakia magogo yote tena yarudi shimoni, na lile lori lililosemwa ni bovu likawaka mara moja. Tulizika kesho yake.

Jumatatu mdogo wangu alishuka. Nilimsihi aje tuuze mbao pamoja, akasema wenzake watashuka tu hata yeye akikataa, na vipimo anavijua yeye. Walikataa kugusa jiwe hadi miti yote isimame, mwenye shimo akiwatukana kutoka juu. Jumatano jioni alinipigia simu. Nilimuuliza kama miti ilitosha, kama kuna uliobidi kukatwa.

"Hata moja," akasema. "Zote zimeingia sawasawa. Hapo mahali ya shemeji tumeweka nne."

Nilikata simu. Niliketi juu ya rundo la posti, pale alipokuwa akinywa chai yake, nikamlaani mwenye shimo kwa majina yake yote mpaka wateja wakaondoka.