Mto wa Mgongoni

Manesi wenzake walimwita Mama Geuza, na jina likamganda. Miaka nenda miaka rudi katika wodi ya mahututi, aliwageuza wagonjwa wasiojiweza, mara ubavu huu, mara ule, wasije wakapata vidonda kwa kulalia upande mmoja.

Siku hiyo yalikuwa yamemfika shingoni. Kila alipomlaza kiubavu mzee wa kitanda cha dirishani, aliyepewa dawa ya usingizi, na kumwegemeza kwa mto mgongoni, dada wa mzee aliuchomoa mto na kuusukuma chini ya kichwa. Mgonjwa akarudi chali.

“Mto ni wa kichwa, nesi. Mwache kaka yangu apumzike.”

Nesi alikwisha kueleza hadi mate yakamkauka. Safari hii alimwonyesha benchi la mbao.

“Kaa hapo, mama. Usijitikise hata kidogo mpaka nimalize.”

Akamlaza mzee upya, polepole kwa makusudi. Nyuma yake benchi likalia.

“Umejisogeza,” alisema bila kugeuka.

“Makalio yanauma, mwanangu.”

“Na yeye amwambie nani?”