Ripoti ya Matofali Matatu

Nimewahi kubanwa na viatu vya kuazima siku ya harusi, na nimewahi kukaa kwenye lori la mtama kutoka Kiomboi mpaka Singida mjini nikiwa na mguu mmoja tu ndani. Lakini kubanwa kwenyewe nilikujua Jumapili moja ya kiangazi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokaa chumbani kwangu kuandika ripoti ya maabara ya kurasa nne.

Mchana nilikuwa kibarua kwenye karakana ya ujenzi, jioni nikisoma kozi ya uhandisi wa majengo. Maabara yetu ilikuwa stoo ya saruji iliyofagiliwa. Mashine ya kupimia nguvu ya tofali ilikuwa gogo refu la mninga, ncha moja imechomekwa ukutani: unaliweka tofali chini ya gogo karibu na ukuta, halafu kwenye ncha ya mbali unatundika madebe ya mchanga, moja baada ya jingine, mpaka tofali lisalimu amri. Mwalimu wetu, mtu mwembamba aliyeweza kujificha nyuma ya rula, alituagiza kila mmoja alete matofali matatu kutoka kwao.

Mimi nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Mwankoko. Wanakijiji walikuwa wamefyatua na kuchoma matofali ya zahanati kwa kazi ya pamoja, tanuri kubwa kama mlima, ukisimama juu yake unaona Mtinko yote na watu wake wanakula nini. Nikachagua matatu meupe kuliko yote. Kwetu kila mtu aliamini kwamba tofali likitoka na unga mweupe juu ndiyo limeiva sawasawa. Nikayabeba mjini kwa baiskeli, nikiwasalimia hata wasionijua.

Tofali la kwanza tulililoweka siku nzima. Tulipolitoa, nusu ilibaki kwenye ndoo kama uji wa mtama. La pili, likiwa kavu, tuliliweka chini ya gogo. Debe la kwanza, kimya. La pili, kimya. La nne lilipotundikwa tofali likapasuka kwa mlio ambao naapa mpaka leo fisi waliusikia wakahama. Tofali la mwalimu, lililoletwa kwa kulinganisha, lilifika madebe kumi na mawili likiwa halina habari.

"Andika ulichokiona," mwalimu aliniambia. "Lengo, vifaa, njia, matokeo, sababu, hitimisho. Sababu usizitunge, kawaulize waliofyatua. Nakala moja naipeleka wilayani. Mabati ya zahanati yatakwenda kwa kijiji chenye matofali yanayofaa."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Nikiandika ukweli, kijiji kinakosa mabati. Nikiandika uongo, zahanati inajengwa kwa uji.

Jumapili ile, sijamaliza hata kuchora mistari ya jedwali, mjomba wangu akaingia. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimesikia matofali yetu yameenda shule." Akaegemeza baiskeli yake mlangoni, akavuta kigoda, akakaa kizingitini. Chumba kilikuwa na mlango mmoja na dirisha ambalo hata paka aliyefunga mwezi mzima asingepenya. "Wewe andika tu. Nitasubiri, niipeleke mwenyewe kwa mwalimu. Hupendi nikusaidie?"

"Nashukuru, mjomba."

Nilishukuru huku jasho likinitoka. Na ubaya zaidi ni kwamba mjomba alijua kusoma. Alikuwa amejifunza kwenye kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, na mwalimu wa kisomo, aliyejitolea na kujisifu kijiji kizima, nilikuwa mimi. Laiti ningekuwa mwalimu mbovu!

Nikaandika lengo kwa herufi nzuri sana. Nikaandika vifaa, nikieleza lile gogo kwa aya nzima, urefu wake, rangi yake, karibu nitaje na ndege waliowahi kutua juu yake. Mjomba akakohoa.

"Bado hujafika kwenye matofali?"

Nikafika. Nikaandika: tofali kavu lilipasuka kwa madebe 4. Mjomba akanyoosha mkono, akachukua karatasi, akafuata mstari kwa kidole kama nilivyomfundisha.

"Li-li-pa-su-ka kwa ma-de-be... nne?"

"Manne, mjomba."

"Na la mwalimu?"

"Kumi na mawili. Na halikupasuka."

Akarudisha kidole kwenye ile nne. Kisha akasema polepole, "Ukiweka kijiti kimoja mbele ya hiyo nne, inakuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kijiti kimoja tu. Hata wino hakili."

"Mjomba, akina mama watalala mle ndani na watoto wachanga."

"Na wasipopata mabati watalala wapi? Chini ya ua wa minyaa? Watu wamekanyaga udongo miezi mitatu. Mama yako amebeba maji kichwani mpaka shingo imekuwa fupi. Uende ukawaambie wewe!" Akanitazama. "Mtoto wa kusoma jioni tu huyu. Ungesoma na mchana ungelikataa hata titi la mama yako."

Nikashika lililobaki kwenye ripoti. "Mjomba, hapa pa sababu lazima nijaze. Maji ya kukandia udongo mlichota wapi?"

"Ziwani," akajibu kwa fahari. "Amri yangu. Kisima nilikipiga marufuku. Maji matamu tukandie udongo, halafu watu na ng'ombe wanywe nini?"

Ziwa letu ni la chumvi. Kila mtu Singida analijua hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na mimi mhandisi mtarajiwa nilikuwa nimebeba ule weupe kwa baiskeli nikiusifia. Nikainama chini ya kitanda nikatoa tofali la tatu, lile ambalo hatukulipima, nikampa. Akaligeuza. Akapitisha kidole juu ya ule unga, akaulamba.

Nimeona watu wakila shubiri wakakunja uso kidogo kuliko pale.

Akaliweka chini taratibu. Jua likaacha kizingiti. Mwishowe akasema, "Iache nne yako."

"Na sababu?"

"Andika maji ya ziwa. Na uandike mwenyekiti ndiye aliyesema."

"Ripoti haitaji watu, mjomba."

"Basi nitawatajia mwenyewe."

Aliipeleka ripoti, na mabati ya mwaka ule yakaenda kijiji kingine. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Maji ya ziwa nilisema mimi," akakaa. Wazee wawili waliondoka bila kuaga. Mama yangu hakuondoka, ila aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetia chumvi ziwani. Ikaamuliwa kila nyumba itoe debe moja la maji ya kisima kwa siku, na kazi ianze upya.

Wiki mbili baadaye mwalimu akanirudishia ripoti, imejaa wino mwekundu kama imechinjiwa kuku. Chini aliandika: "Hitimisho ni sahihi. Jaribio lirudiwe na mwanafunzi huyu kwa matofali mapya ya kijiji hicho, tangu kukanda udongo mpaka tanuri."

Nilimpa mjomba aisome mwenyewe, pale pale kwenye shimo la udongo. Alifuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, akairudia tena, safari hii bila kukatakata silabi. Akanirudishia karatasi.

"Vua viatu," akasema.