Kilima Chetu Katikati ya Bariere Mbili

Nilirudi kwa wazazi wangu nikiwa na mimba ya miezi minane, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa nyanya yake. Bwana wangu alinisindikiza mwenyewe kutoka karibu na Kashebere, ambako alikuwa akiuza mafuta ya mawese na makayabo, samaki wakavu wa chumvi, kandokando ya barabara. Alitua mzigo wangu mlangoni, akanywa pombe ya ndizi aliyopewa na Papa, akasema, "Nitakuja kukuchukua mutoto akifikisha mwezi moja." Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Alipoteremka nilimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, wala sikuwaza kwamba njia ilikuwa inajifunga nyuma yake.

Kilima chetu kilikuwa kidogo, upande wa Kalembe, pale Masisi inapokwisha na Walikale inapoanza. Nyumba hazikufika hamsini. Maharagi tulilima juu, mihogo chini, na katikati palikuwa na kapela ya miti na udongo. Papa alikuwa kapita. Wazungu walimweka akusanye watu wa kazi ya barabara, nao walipoondoka hakuna aliyemwambia aache, akaendelea. Mama alitoka vilima vya juu, kwenye baridi, kama wanawake wengi wa pale kwetu. Sisi mabinti wao tuliolewa chini, kwenye barabara. Hakukuwa na nyumba hata moja isiyokuwa na wakwe huku na huku.

Ugomvi ulikuwa wa ardhi, na wa nani atatawala sasa Mzungu ameenda. Nani alianza, sitaandika. Nimesikia hadithi ya juu na hadithi ya chini, kila moja ina wafu wake, na wafu hao wote nawaamini. Watu wa juu walifanya umoja: kila kilima kitoe wanaume na mikuki, na kilima kimoja kikiguswa, vyote vinakuja. Watu wa chini wakafanya umoja wao vilevile. Halafu wote wakatukumbuka sisi, katika juma moja.

Wa kwanza kuja alikuwa kaka mkubwa wa Mama. Alileta karatasi na kikopo cha wino. "Shemeji, tia kidole hapa," alimwambia Papa. "Wakikugusa, sisi wote tutashuka."

"Na ninyi mukiguswa?"

"Mutapanda kutusaidia."

"Kumupiga nani?"

"Adui."

Papa alininyooshea kidole mimi niliyekuwa nimekaa na tumbo langu karibu na moto. "Adui njo bwana ya mutoto wangu huyu. Nitamupigaje?"

Mjomba aliondoka bila kumaliza chakula. Siku tatu baadaye wakaja wanaume wawili wa chini, na karatasi yao, na wino uleule wa zambarau. Papa aliwaambia kwamba sisi hatuna vita na mtu. Mmoja wao akacheka. "Papa kapita, muntu mwenye kusimama katikati ya barabara, motokari itamugonga."

"Na mwenye kupanda ndani ya motokari," Papa akajibu, "dereva njo anachagua mahali pa kwenda."

Niliona jibu hilo ni zuri sana. Nilikuwa bado sijakaa bila chumvi.

Bariere ya juu, mwanzi uliolazwa kukata njia, iliwekwa pale njia ya Masisi inapoingia mianzini. Ya chini iliwekwa kwenye daraja la mto, njia ya Kashebere. Huku waliuliza kama kilima chetu kimetia kidole, na kule waliuliza vilevile, na kwa kuwa jibu letu lilikuwa moja, tulirudishwa huku na huku. Binti yangu alizaliwa katika juma la pili la kufungwa kwa njia. Mwezi ukapita, bwana wangu hakuja. Sabuni ikaisha, kisha chumvi. Mama alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji kwenye majivu, akapikia sombe, majani ya mihogo, kwa maji hayo. Chakula kilikuwa na ladha ya moshi na kilikwaruza ulimi. Hatukufa njaa, maharagi yalikuwako. Ila kila asubuhi nilisimama ukingoni mwa shamba nikitazama daraja chini, watu wadogo wakipita, na nikiona shati jeupe najiambia ni yeye. Jioni nilijiambia si yeye. Kilima nilichozaliwa, ambacho utotoni sikuwahi kukimaliza kwa miguu, sasa nilikizunguka chote kabla jua halijawa kali.

Mtu mmoja tu alipita bariere zote mbili: padri, Mbelgiji mwembamba aliyekuja kusoma misa mara moja kwa mwezi. Baada ya misa moja Papa aliwaomba watu wabaki kapelani, wazungumze kama tuingie katika umoja mmojawapo au tubaki vile tulivyo. Mimi nilipewa kaye, daftari la shule, niandike, maana nilisoma kwa masista na Papa hakujua kuandika zaidi ya jina lake.

Katekista alisema, "Siku tutachagua, siku ileile tutapata adui. Leo tunakosa chumvi tu. Chumvi haiue muntu."

Kijana mmoja aliyekuwa na wake wawili na mashamba makubwa alisimama. "Kukosa rafiki inaua. Wakikuja kuchoma hapa, nani atapiga mbio kwa ajili yetu? Huyu atasema si watu wangu, na yule atasema si watu wangu."

Mjane mmoja akauliza kama ataambiwa ampige mkuki mtoto wa dada yake. Ndipo Papa akamgeukia padri.

"Padri, kwenu iko inchi kidogo, na majirani wakubwa. Ninyi mulifanya nini?"

Padri alimaliza kukunja kanzu yake ya misa. Kisha akasema kwamba nchi yake ilikuwa hivyohivyo, haina upande. Wafalme wakubwa waliizunguka, nao waliandika karatasi kwamba hakuna atakayeigusa. "Nilikuwa bado mutoto mudogo. Jirani mumoja alitaka kumupiga mwingine, na njia fupi ilipita kwetu. Akapita. Tulimuonyesha karatasi, akapita. Kisha tukajaribu tena kukaa bila upande, na akapita mara ya pili."

"Na sasa?"

"Sasa tumeingia katika umoja ya inchi nyingi. Akiguswa mumoja, wameguswa wote."

"Basi munalala muzuri," alisema yule kijana.

"Tunalala," padri alisema. "Lakini siku wakubwa wataamua vita, hawatauliza kama sisi tumeamka." Akaongeza kwamba hakuja kutufundisha kuchagua. Nililiandika hilo pia. Papa aliahirisha uamuzi, watu wakatoka wakinung'unika, na padri akapita bariere ya chini akaenda zake, naye ndiye mtu pekee niliyepata kumwonea wivu kwa ajili ya miguu yake.

Haikupita siku kumi binti yangu akashikwa na homa. Mama alimpa dawa za majani, ikashuka, ikapanda tena. Siku ya tatu nilimfunga mgongoni nikashuka kwenye daraja, kwa kuwa dispanseri ilikuwa ng'ambo ile. Walikuwa wanaume sita pale, na mzee mmoja amekaa kwenye kiti akiwaongoza. Aliyetoka kunizuia, mkuki mkononi na kamba ya mgomba shingoni kama wenzake, alikuwa bwana wangu.

"Mama, munatoka wapi?" aliniuliza, kama mtu asiyenijua.

Nilidhani anafanya mchezo. Kisha nikaona jinsi anavyomsikiliza mzee nyuma yake kwa mgongo. "Ninatoka kwa kapita," nikasema.

"Kapita ametia kidole?"

"Bado."

"Basi hakuna njia."

"Mutoto iko na homa. Siku tatu."

Alisogea. Hakuwa amewahi kumwona. Uso wa mtoto ulikuwa umelalia bega langu, mdomo wazi, na yeye akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa. "Iko mwanamuke ao mwanaume?" akanong'ona.

"Mwanamuke."

"Kuko nini pale?" mzee akapaza sauti.

"Hakuna kitu, mukubwa. Ninamufukuza." Akageuza mkuki, akanisukuma begani kwa upande wa mti. Hakunisukuma kwa nguvu. Lakini alinisukuma. "Ambia Papa atie kidole," alisema chini chini. "Miye sina neno lingine. Wakijua ninyi ni watu wangu, watanipeleka mbele kabisa ya vita."

Nilipanda mlima nikilia, na kila hatua nilimchukia, na kila hatua nilimwelewa.

Papa alikuwa akikarabati jembe mbele ya nyumba. Nilisimama mbele yake. Mimi niliyeandika kwenye kaye maneno yote ya wenye hekima, nilisema moja tu: "Tia kidole, Papa. Kwa watu wa chini. Leo."

Mama alitoka jikoni. "Na mama yangu? Iko huko juu, mugonjwa. Nitamuona kupitia wapi?"

"Mutoto wangu atakufa, Mama."

"Na miye niko mutoto wa muntu," akasema.

Papa aliwaita watu siku ileile. Safari hii hawakuzungumza sana. Barabara ilikuwa chini, dispanseri chini, chumvi chini. Waliinua mikono, wengi zaidi ya nusu, na kabla ya jua kutua Papa alikuwa ameshuka darajani na kurudi na kidole cha zambarau. Alikisugua kwa majivu, kisha kwa mchanga, kisha akakiacha.

Asubuhi nilipita. Muuguzi alimchoma mtoto sindano, na siku ya pili akanyonya vizuri. Kwa hiyo msiniambie kwamba Papa alikosea. Nilikuwa na mtoto mzima mkononi.

Lakini umoja haukutuachia njia tu. Ulichukua wanaume kumi wetu, pamoja na kaka yangu. Bwana wangu alipelekwa kulinda mahali pengine, mbali, wala hakupata ruhusa ya kutufikia, na mimi nikarudi kukaa kwa Mama. Nao mwanzi wa bariere uliondolewa darajani, ukapandishwa kilimani, ukawekwa upande wa juu wa mashamba yetu ya maharagi. Sasa watu wetu wenyewe ndio waliowauliza wanawake wa juu, "Munatoka wapi?"

Nyanya, mama wa Mama, alikufa mvua zilipoanza. Mwanamke mmoja alisimama kwenye kilima cha ng'ambo, akaweka mikono mdomoni, akaliita jina la Mama na kumpa habari. Mama alijifunga kitenge akapanda. Kaka yangu alikuwa kwenye bariere, na ingawa alikatazwa, alimwinulia mwanzi mama yake. Mita mia mbili mbele palikuwa na bariere ya wale wengine. Hao hawakumwinulia. "Kilima yenu ilitia kidole," walimwambia. "Rudia watu wako."

Hakurudi. Alikaa chini njiani, katikati ya bariere mbili, mahali ambapo mazishi yalionekana, watu wakipanda na kushuka, udongo mwekundu ukirundikwa. Nilimpelekea viazi vitamu, hakula. Nilikaa naye. Mvua ilinyesha juu yetu, na juu yao pia kule ng'ambo. Walipoanza kuimba, Mama aliimba nao polepole, akichelewa kidogo kwa sababu sauti ilichelewa kufika.

Baada ya hapo vita vilikuja kweli. Watu wa juu walishuka asubuhi moja, wakachoma kapela na nyumba saba. Tulijificha kwenye mihogo. Wenzetu wa umoja walikuja, hilo lazima niseme, walikuja wengi na wakawafukuza. Bila wao nadhani kilima chote kingekuwa majivu. Ila hawakuishia hapo. Walipanda, na wanaume wetu kumi walipanda pamoja nao, kwani ndivyo karatasi ilivyosema. Tuliona moshi upande wa kwao Mama. Wakati wa kurudi, mmoja wa wanaume alikuwa amebeba kinu begani. Mama alimsimamisha, akakigeuza, akatazama ufa uliozibwa kwa ngozi.

"Hii iko ya mama yangu," alisema.

Mwanaume akakiacha chini, akaenda haraka. Mama alimgeukia kaka yangu. Naye hakusema kama alikuwako pale au hakuwako, hata alipokuwa mtu wa mvi hakusema.

Mwishowe askari wa serikali walikuja kwa malori, wakakusanya mikuki na kung'oa bariere zote. Bwana wangu alikuja kunichukua, amekonda. Tulitembea nusu ya njia, mtoto mabegani mwake.

"Ulinisukuma," nilimwambia.

"Na mti," alisema. "Sikukusukuma na chuma."

"Najua. Lakini ulinisukuma."

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea tena, na labda kwa sababu hiyo niliweza kukaa naye miaka yote iliyofuata.

Mama yeye alipanda kwao siku ya kwanza njia ilipofunguka, na kikapu cha maharagi kichwani. Mjomba alikuwa akijenga upya. Alipokea maharagi, hakumwambia akae. Mama alisimama uani, akaonyeshwa kaburi, akarudi siku hiyohiyo, mwendo mrefu. Juma lililofuata akapanda tena, na lile lingine tena. Papa hakwenda naye hata mara moja, hakuulizwa na hakujitolea. Katika safari ya tano, Mama aliniambia, mke wa mjomba alitoka nyumbani, akatandika mkeka, akasema, "Ikala, dada. Miguu yako imechoka." Akakaa.