Kichwa cha Kambare

Harufu ya kambare wa kukaushwa kwa moshi haifichiki. Hata umfunge katika mifuko mitatu, Runzewe nzima itajua. Nami niliijua toka barabarani, maana kanisani kwetu tulikatazwa samaki asiye na magamba, na Mama Yohana, mwalimu wetu wa watoto, alitufundisha kuwa anayemficha mkosaji ni mkosaji mwenzake. Basi nikawa mtoto wa miaka tisa mwenye shaka na kila mtu. Nilimshuku baba akirudi kutoka machimboni huku anatafuna. Niliwashuku majirani ambao jiko lao lilitoa moshi siku ya Sabato. Tusidanganyane, nilikuwa naona raha.

Kiangazi kile bibi, mama yake baba, aliugua. Uji alikataa, ugali alikataa, na alichotaka duniani ni kimoja tu: afike siku ya Meza ya Bwana, ashiriki kwa mara ya mwisho. Jioni moja nikitoka shule, harufu ile ikanipokea mlangoni. Mama akaniambia, "Nenda kacheze," bila kunitazama, nami nikasema moyoni, kumbe! Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachokoa jalala kwa kijiti mpaka nikakiona kichwa cha kambare na sharubu zake. Sikumuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Yohana, nikamwamkia shikamoo, nikasema, "Mama anakula kambare."

Wazee wa kanisa walikuja kesho yake. Mama akawajibu kwa utulivu, "Ni kweli, nimekula mimi." Wakamtoa kwenye kwaya, wakamzuia kushiriki Meza. Walipoondoka aliingia jikoni, akasema peke yake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilijibanza nyuma ya mlango nikimwomba Mungu awe anamsema jirani.

Siku ya Meza baba alimleta bibi kwa pikipiki, akamkalisha benchi la mbele. Sinia la mkate lilipomfikia, alimshika mkono mzee aliyelibeba. "Kambare nimekula mimi," akasema. "Mkamwana wangu hata mchuzi hakuonja. Ndicho chakula pekee kilichokaa tumboni."

"Bibi, agizo ni agizo," Mama Yohana akamwambia.

"Mayu," bibi akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma chake, "Bwana alikaa na watu wakala. Hakunusa vyungu vyao."

Yule mzee alisita, akatazama wenzake, kisha akalipitisha sinia kwa mwingine. Bibi alifariki wiki iliyofuata, hajashiriki. Nililia kupita wote, na watu wakanisifu kwa kumpenda bibi yangu. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniacha.

Siku hizi ninayasoma mwenyewe yale ambayo mtume aliwaandikia waumini, kwamba mtu asiwahukumu kwa chakula wala kwa siku, na ninayaamini kabisa. Sahani ya mtu siichungulii. Mwaka jana nilikwenda Runzewe nikamwambia mama kuwa aliyesema ni mimi. "Najua, mwanangu," akasema. "Yamepita hayo." Akanimiminia chai, tukacheka. Ila bado nikienda bila kumpigia simu, nikabisha hodi, husikia kwanza mfuniko ukiwekwa juu ya sufuria, ndipo aitike karibu.