Jina la Sarantos Kwenye Karatasi ya Wafu

Diamanto wa Limnari alikuwa jirani yangu kwa miaka sitini na moja, ukuta wake ukiegemea wangu, na sikuwahi kumwomba chumvi bila yeye kuniuliza yangu nimeipeleka wapi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Alichuma zeituni mpaka alipofika miaka sabini na minane. Mwaka alioanguka ngazini akavunjika kifundo cha mguu, alimalizia safu nzima ya miti akiwa amekaa chini. Sasa kanisani wanasema alikuwa mtakatifu. Hakuwa. Alikuwa na ulimi mchungu, na mbuzi wake walikula milimau yangu mara mbili, na mara zote mbili alisema nimeipanda mahali pabaya.

Kusoma hakujua kabisa. Mimi nilisoma miaka miwili mpaka baba akasema inatosha, kwa hiyo karatasi zake za kanisani niliziandika mimi. Kwetu kila nyumba ina karatasi mbili. Moja ina majina ya walio hai, nyingine ya waliokufa, na padri huyaombea yote. Ya wafu ya Diamanto ilikuwa imejaa: mume, wazazi, dada wawili. Ya walio hai ilikuwa na jina moja tu, Sarantos, mwanawe wa pekee. Huyo alipanda meli ya mizigo akiwa na miaka ishirini na mitatu. Meli ilifika ilikokuwa inakwenda, yeye hakuwemo, na hakuna aliyejua kueleza. Ilikuwa imepita miaka ishirini na saba, bila barua wala simu.

Mimi ni mama wa ubatizo wa Sarantos. Na kwetu, mama wa ubatizo ndiye anayetoa jina, palepale kwenye maji, mama mzazi akilisikia kanisani pamoja na wageni wengine. Kwa hiyo nilijiona nina haki. Nilimwambia Diamanto mara nyingi kwamba mtoto anakaa huko bila mshumaa, bila ngano ya wafu, hana wa kumwombea, kwa sababu tu yeye hataki kusema neno moja: amekufa.

"Ulimzika wewe?" alikuwa akiniuliza.

"Sikumzika."

"Basi nyamaza, andika."

Ile Jumamosi ya Roho ya mwezi wa sita, siku ya kuwaombea wafu, sikunyamaza. Kwenye karatasi ya wafu niliandika Sarantos, chini ya majina mengine yote. Kwenye ile ya walio hai nikaandika Diamanto mwenyewe, ili asione imebaki tupu. Alizibusu zote mbili akampa padri. Sikuona haya. Niliona nimefanya jambo ambalo mtu mwingine alipaswa kulifanya zamani.

Siku hiyohiyo meli nyeupe ya watalii ilitia nanga nje ya ghuba. Huja tangu mwezi wa nne mpaka wa kumi. Mashua yake huwapitisha watu vijiji vitatu kwa siku moja: asubuhi kijiji chenye ngome, kisha sisi, kisha kijiji chenye ufuko wa kuogelea. Sisi tunapewa dakika hamsini. Vaso, binti wa mjini anayewaongoza, huwabandika stika ya njano kifuani na kuwahesabu kwa kuwagusa mabega, kama mtu aingizaye kondoo zizini. Wanapiga picha milango yetu. Wakimwona mwanamke mwenye nguo nyeusi wanampiga picha naye, na kwetu kila mwanamke aliyepita hamsini ana nguo nyeusi, kwa hiyo hawachoki.

Vaso akawaingiza kanisani, wakasimama nyuma, kofia mikononi. Mbele, mezani, zilikuwa sahani za ngano ya wafu, iliyochemshwa na kuchanganywa na zabibu kavu, lozi na mdalasini, kila sahani na mshumaa wake. Padri Ilias alisoma majina mbiombio kama kawaida yake. Akafika nyumba ya Diamanto. Panagos. Stamata. Kisha, mwishoni, bila hata kuvuta pumzi, Sarantos.

Akaendelea na nyumba iliyofuata. Lakini mbayuwayu wenye viota juu ya mlango, ambao hupiga kelele ibada nzima mpaka padri huwakemea, walinyamaza. Nilitazama juu. Walikuwepo wote, vichwa nje ya viota, kimya.

Diamanto aligeuka polepole. "Umeandika nini, Asimo?"

"Nilichopaswa kuandika."

"Toka mbele yangu."

Nikatoka. Nilikuwa na kazi mlangoni hata hivyo: mimi ndiye ninayegawa ngano watu wakitoka. Anayepokea humwombea marehemu msamaha, kisha anakula. Wageni hawajui, wanafikiri ni tamutamu ya kijiji, wanasema asante na kutafuna. Walipita wakitiririka jasho. Mwisho akaja kijana mwenye shati jeupe, kavu, kama limetoka kupigwa pasi. Stika sikuiona. Nikamtilia ngano kiganjani, nikasema kama nilivyowaambia wote, "Kwa ajili ya marehemu."

Hakufumba kiganja. Aliitazama ile ngano, kisha akairudisha bakulini, punje kwa punje, mpaka ile iliyonata kidoleni.

"Hii siwezi kula, Mama Asimo," alisema. "Hii ni yangu."

Alisema kwa lugha yetu, kwa ile sauti ya puani ya Limnari. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa na mkato pale mfuniko wa kisima ulipompiga akiwa na miaka sita. Nilijua, maana mimi ndiye niliyemshika siku aliyoshonwa.

Akapanda kichochoro. Nilimfuata kwa macho mpaka lango la Diamanto, ambalo halifunguki mpaka ulinyanyue kidogo na kulisukuma kwa goti. Alilinyanyua, akalisukuma kwa goti. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono katikati ya magoti, akatazama bahari kama mtu aliyefika mapema akaambiwa angoje.

Diamanto alikuwa bado ndani ya kanisa. Vaso alikuwa ameshawatangazia watu wake kwamba zimebaki dakika ishirini. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia na kumwita. Lakini kumwita ilikuwa ni kusema mbele ya kijiji kizima kwamba nimemwandika mtu hai kwenye karatasi ya wafu. Nilisimama pale na bakuli langu. Nilisimama muda mrefu, mpaka wageni wakaanza kushuka gatini.

Halafu nikaingia.

"Nimekwambia utoke," Diamanto akasema bila kuinua kichwa.

"Twende kwako."

"Kufanya nini? Yupo mwingine wa kumzika?"

"Sarantos amekaa kwenye ngazi yako."

Alinitazama. "Kama ni mzaha, Asimo..."

"Lini uliniona nikifanya mzaha?"

Hilo alilipima, akaona ni kweli. "Basi sema ulikosea."

"Mashua inaondoka, Diamanto."

"Sema kwanza."

"Nilikosea."

Kalomira, muuza mishumaa, akajipiga ishara ya msalaba. "Iandikeni tarehe hii ukutani," alisema. "Asimo amekosea."

Tulipanda kile kichochoro, wazee wawili tukisukumana kama mbuzi. Lango lilikuwa wazi. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limepiga lile jiwe la ngazi tangu asubuhi, huwezi kuweka mkono, lakini pale katikati, upana wa mtu mmoja, lilikuwa baridi kama mdomo wa kisima. Diamanto aliweka kiganja chake. Mimi pia nikaweka, nikakiondoa upesi. Yeye alikiacha.

"Alikaa hapa," alisema. Alikuwa anatabasamu. "Mjinga huyu hakuingia. Mlango haujafungwa kwa ufunguo tangu aondoke."

Tukashuka gatini. Mashua ilikuwa bado imefungwa. Vaso aliwahesabu tena kwa ajili yetu, bega kwa bega.

"Thelathini na wanne, bibi. Wote wapo."

"Yupo anayejua lugha yetu?" nilimuuliza.

"Hawa? Hata kusema habari za asubuhi ni shida."

Diamanto alipita ukingoni mwa gati akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Walimpungia mkono. Mmoja akampiga picha. Mashua ikafunguliwa kamba, ikaelekea kijiji cha tatu, wakaogelee.

Alikaa juu ya jiwe la kufungia kamba. "Hakutaka kuniona," alisema, "kwa sababu nilikubali asomwe pamoja na wafu. Nitamwambia nilikuwa sijui." Kisha akaniuliza, taratibu, kama mwanamke anayeuliza habari za harusi ambayo hakualikwa, "Amezeeka?"

Hapo ndipo nilipohesabu. Kabla ya hapo sikuwa nimehesabu, niliona uso ninaoujua na basi. Sarantos angekuwa na miaka hamsini. Yule aliyenirudishia ngano hakuwa na mstari hata mmoja usoni. Alikuwa vilevile alivyokuwa asubuhi ile aliyoondoka, na lile shati lilikuwa ni lile ambalo mama yake alimpigia pasi usiku wa kuamkia safari.

Sikuwahi kumdanganya Diamanto, hata kuhusu pilipili aliyozidisha kwenye supu.

"Amezeeka," nilisema. "Mvi tupu. Na amenenepa."

"Kama baba yake." Alicheka mpaka akafuta macho. "Nilimwambia Panagos, mtoto huyu atatoa tumbo."

Tangu hapo kila meli ilipokuja alishuka gatini na sahani ya biskuti za lozi, amejifunga kitambaa kizuri. Aliwatafuta wanaume wenye mvi. Aliwashika mikono, akawatazama nyusi. Wao walidhani anauza biskuti, wakatoa sarafu, naye aliwarudishia kwa hasira. Padri alikuwa amelirudisha jina kwa walio hai. Mimi nilikwenda naye kila mara, maana angekwenda peke yake wangemsukuma majini. Yeye alitazama wenye mvi. Mimi nilitazama vijana.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka uliofuata, alipobakiza miezi mitatu ya kuishi. Mashua ilishusha watu wengi, gati ni jembamba. Nyuma yao alikuja mzee mmoja mnene, kichwa cheupe kabisa, na Diamanto akanyoosha shingo. Mbele ya huyo mzee alikuwa anatembea kijana mwenye shati jeupe. Alisimama hatua moja kutoka kwa Diamanto, akasimama tu.

"Pisha, mwanangu," Diamanto alimwambia, akimsogeza kwa mgongo wa mkono. "Unanizibia."

Kijana akapisha. Alinitazama mimi juu ya kichwa cha mama yake, nyusi yake na ule mkato, akingoja niseme. Nilikuwa nimeshasema mvi. Nilikuwa nimeshasema amenenepa. Nikamshika Diamanto kiwiko, nikamsogeza mbele kidogo, ili amwone vizuri yule mzee.