Shimo Halilali Wazi

Baba mdogo Likwata ndiye mchimba makaburi wa mtaa wetu hapa Lindi. Siku zisizo na msiba hufyeka majani kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu. Masika ilipoanza, Wazungu wakaacha kucheza, na wafyekaji wakadhani watapumzika. Wapi! Akaletwa Fundi Klementi kutoka Dar es Salaam awafundishe kazi upya. Atakayeshinda wenzake ndiye atakuwa mnyapara.

Mama mdogo Mwahija hakungoja. Alitangaza kisimani kwamba mumewe keshakuwa mnyapara. Watu wakaja kumpongeza, wakanywa chai yetu.

"Sasa usinitie aibu," akamwambia mumewe.

Mimi nilikuwa nawapelekea mihogo, nikayaona mafunzo. Fundi aliwasimamisha mahali panapoitwa grini, penye shimo la kuingizia mpira. Alisema maana yake ni kijani. Wote wakainama kutazama: mchanga umemwagiwa oili chafu ya magari, mweusi ti, hauna jani hata la dawa.

"Mwalimu, hicho kijani kiko wapi?" akauliza Abilahi, mfyekaji mmojawapo.

"Kiko kwao Uingereza. Wewe chimba!"

Kazi ilikuwa kuchimba kishimo, kutia kopo ndani, basi. Cha Abilahi kilipinda kama jino la mzee. Cha Baba mdogo kilinyooka, kingo zake safi. Fundi akafurahi.

"Mzee Likwata, kesho Bwana mkubwa wa kiwanja anakuja kukagua. Unyapara huo!"

"Ataingia nani humu?" akauliza Baba mdogo.

"Mpira."

"Leo?"

"Kesho, Bwana akiupiga."

Baba mdogo akaokota panga lake. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Maiti asipofika, huzikwa kipande cha mgomba, maana shimo tupu huita mtu.

Kesho yake Bwana akapiga mpira. Ukabingirika vizuri, ukafika shimoni, ukakaa juu kama kuku anayeatamia. Bwana akainama, akachomoa kipande cha mgomba kimeviringishwa kitambaa cheupe.

"Nini hii?"

"Marehemu, Bwana," akajibu Abilahi.

Fundi akamvuta Baba mdogo pembeni. "Mzee wangu, nakuomba. Liache wazi usiku wa leo tu, Bwana akague tena kesho, unyapara nikupe."

"Na likiita mtu?"

"Limwite nani, kishimo cha kopo?"

"Wewe ndiye uliyeamuru lichimbwe, Mwalimu. Litaanza na wewe."

Fundi, Mkristo yule, nilimwona akisogea mbali na shimo.

Unyapara akapewa Abilahi, ambaye huchimba kombo na kulala fofofo hata shimo likiwa wazi. Lakini grini ina desturi ya kuhamishwa shimo, na la zamani lazima lizibwe. Kazi hiyo akapewa Baba mdogo. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jioni Mama mdogo alisikiliza habari yote. Kisha akajifunga kanga, akatoka barazani, akawaambia majirani kabla hawajauliza:

"Wachimbaji wametafutiwa mnyapara wao. Mume wangu ni mnyapara wa kuziba, na chini yake hayupo mtu wa kumsumbua."